Mawe ya Boma la Kirathini

Jumatatu, 17 Machi

Mkubwa wangu amenipigia simu kutoka Meru mjini kabla sijamaliza uji. Kamati ya Nairobi inayochagua majengo ya kuhifadhiwa itafika Kirathini tarehe kumi na tano Mei. Ikiridhika, jengo letu litawekwa chini ya ulinzi wa taifa na hakuna atakayeligusa. Isiporidhika, litabomolewa na mahali pake pajengwe ghorofa ya vioo. Michoro ya ghorofa hiyo nimeiona. Inafanana na duka la simu pale Makutano.

Nina mwezi mmoja tu hapa tangu niletwe kuwa Naibu Kamishna, Mwembu kati ya Wameru, na watu bado wanasema wanaenda "kwa DC", mkuu wa wilaya wa enzi za ukoloni, kana kwamba Mzungu angali ndani. Siwalaumu. Jengo lenyewe ndilo linalosema hivyo. Ni mawe meusi ya mtoni yaliyochongwa kwa mkono, madirisha ya mbao za mwerezi, dohani kila chumba kwa ajili ya baridi ya Julai, na veranda ndefu yenye nguzo nene. Upande wa bondeni mteremko ni mkali, kwa hiyo veranda imekalia ukuta wa mawe mrefu kunishinda, uliopangwa bila saruji ili maji ya mlima yapate pa kupitia. Mawe makubwa yamebebana na madogo yamekazwa katikati. Umesimama hivyo tangu kabla ya Vita vya Pili.

Mimi si mtu wa kupenda vitu. Lakini hili jengo nalipenda, na nitalipigania. Nimeamua kuandika yote mpaka kamati ije.

Jumatano, 19 Machi

Leo wamepigana. Tangu itangazwe kwamba kitambulisho ni bure, vijana wa kila kijiji wanamiminika hapa, na adabu wanaiacha nyumbani. Wawili waligombea nafasi, msichana mmoja akasukumwa akaanguka kwenye ngazi, na mimi nikatoka ofisini nikiwa sijavaa kiatu kimoja.

Nimetoa amri. Kila anayefika ataweka jiwe lake kwenye mstari verandani, kisha aende akakae, akanywe chai, afanye atakalo. Jiwe litamshikia laini. Akiitwa, analiondoa na kuingia. Mukiri, karani wangu wa usajili, alipiga makofi.

"Madam, hii sasa ni sayansi!"

Mukiri angenipigia makofi hata nikipiga chafya.

Alhamisi, 20 Machi

Kimya cha ajabu. Laini ya mawe imenyooka vizuri na watu wamekaa kwenye nyasi wakipiga soga. Nimejisifu mwenyewe.

Ila jioni veranda ilionekana kama machimbo. Nimeagiza mawe yote yazolewe kila siku kabla ya kufunga, yakajaze mashimo ya langoni. Kwa amri moja nimetuliza watu na nimetengeneza barabara. Mwalimu wangu wa hesabu pale shule ya Kangaru angefurahi.

Jumanne, 25 Machi

Mvua ya kwanza. Wenye kahawa wanatabasamu.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Abdiqani, mwenye malori ambaye ghala lake linatazamana na lango letu, amenitumia pilau na sambusa. Nimekula yote. Kisha nikachungulia dirishani nikaona malori yake mawili yameegeshwa mbele ya bendera yangu, nikaona pilau ile ina sababu.

Alhamisi, 3 Aprili

Kuna ufa karibu na nguzo ya mwisho, upande wa bondeni. Mwembamba kama unywele. Mukiri anasema ni rangi tu imechoka.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua mchana kutwa. Sikuenda kanisani.

Jumatano, 9 Aprili

Si rangi. Ukucha wangu unaingia.

Nimemwita mhandisi Riungu, wa ujenzi. Alikuja na kofia yake ngumu na viatu vipya, akasimama uani akitazama juu. Alitazama paa, akatazama dohani, akagonga nguzo kwa kalamu. Hapo lori la Abdiqani likapita likiwa limejaa ndizi, na vioo vikatetemeka.

"Umesikia hiyo, madam?" akaniambia. "Hiyo ndiyo adui yako. Vibresheni. Jengo ya zamani haipendi kutikiswa."

"Tufanye nini?"

"Toa lori hapa. Ufa italala yenyewe."

Nilimuuliza kama hatashuka upande wa chini kutazama ule ukuta wa mawe. Akatazama nyasi zilizolowa, akatazama viatu vyake, akasema ukuta wa hivyo hauna shida, umekaa miaka yote hiyo. Sikubishana naye. Nilitaka jibu la haraka na alikuwa amenipa.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimefunga barabara. Bomba la chuma, kufuli, na kibao: MALORI MARUFUKU. Abdiqani alikuja kabla rangi ya kibao haijakauka. Ni mtu mrefu, ana ndevu zenye hina, na huongea polepole.

"Madam, hiyo road ndio ile moja ya kutoka. Nitapitisha mzigo wapi?"

"Zunguka ile ya juu."

"Ya juu ni matope tupu. Na mvua hii lori italala huko. Mimi nabeba ndizi ya wakulima wa hapa, si chuma. Ndizi haingoji."

"Bwana Abdiqani, hili jengo ni mali ya taifa."

"Na mimi si wa taifa?"

Hakupandisha sauti hata kidogo. Nikajifanya nasoma simu, na alipoona hivyo akaondoka. Nilikasirika siku nzima, na sijui nilimkasirikia nani.

Jumatatu, 14 Aprili

Hakuna lori lililopita tangu Alhamisi. Ufa umeongezeka.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua. Umeongezeka.

Jumanne, 22 Aprili

Baada ya Pasaka watu wamefurika. Laini ya mawe imepinda kona ya veranda na kurudi. Mashimo ya langoni yamejaa, sasa tunajaza njia ya kwenda chooni, na mtu anaweza kwenda huko bila kuchafua soksi. Angalau hilo limefaulu.

Ufa unameza kidole. Kila mtu anayepita ananitajia ile methali ya ufa na ukuta kana kwamba mimi sikusoma. Mukiri ametundika bango la HUDUMA BORA KWA WANANCHI juu yake ili lisionekane. Mama mmoja mzee kwenye laini, anaitwa Kaari, amekuja kutafuta kitambulisho badala ya kile kilichopotea. Alimtazama Mukiri akipigilia misumari, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Watu wakacheka. Nilirudi ndani nikafunga mlango kwa nguvu, na chokaa ikaanguka kutoka darini.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimesikia lori la Abdiqani limezama barabara ya juu tangu Ijumaa. Ndizi zimeiva zikaoza humo humo, na wakulima wanamdai yeye. Amepita hapa kwa miguu, suruali imejaa matope mpaka magotini. Amenisalimu. Ingekuwa afadhali angenitukana.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua, mvua, mvua. Zimebaki wiki mbili kasoro.

Jumanne, 6 Mei

Nitaandika yote kama nilivyoyaona.

Nilishuku kuwa madereva wanafungua kufuli alfajiri na kupita kwa siri, kwa maana ufa ungewezaje kukua bila malori? Kwa hiyo leo niliwahi kabla ya askari wa lango. Hapakuwa na lori. Ila nilisikia sauti upande wa bondeni, kama watu wanaochimba viazi, nikazunguka nikashuka kwenye nyasi.

Walikuwa chini ya veranda, pale penye ukuta wa mawe. Vijana, akina mama, mwanamume mmoja mwenye suti. Kila mmoja alikuwa ameinama akichokoa jiwe dogo katikati ya yale makubwa. Alipolipata alilipangusa, akapanda ngazi, akaenda kuliweka kwenye laini. Walikuwa watulivu na wenye nidhamu, wakipishana kwa heshima. Nilitazama ukuta mzima. Kuanzia kimo cha goti hadi kimo cha bega, vile vijiwe vya kukazia havikuwepo. Palikuwa na matundu matupu, na maji ya matope yalikuwa yakitoka humo kwa nguvu. Makubwa yalikuwa yameanza kuinama mbele.

Nilipiga kelele. Walishtuka kama watoto walioonwa juu ya mti wa matunda, wote isipokuwa Kaari, aliyekuwa amerudi kufuatilia kitambulisho chake. Yeye alikuwa na jiwe lake mkononi na hakuliachia.

"Mnabomoa jengo la serikali!"

"Madam, wewe ndio ulisema watu waweke jiwe," akasema. "Hukusema jiwe itoke wapi. Huko juu ni nyasi tu. Mawe iko hapa."

"Ya jana yako wapi?"

"Ya jana mlitupa kwa shimo za gate. Si ni wewe ulisema?"

Nilikuwa nimesema. Nilisimama na mvua ikiniingia kwenye kola, nikihesabu asubuhi zote tangu Machi, na nikaacha kuhesabu. Kisha nikamwambia, kwa sauti ndogo sasa, kwamba hata hivyo mawe haya si yao.

Kaari alilipangusa jiwe lake kwa kiganja.

"Unajua nani alileta hizi mawe? Baba yangu. Yeye na wanaume wa huku wote. Walibeba kwa mgongo kutoka mtoni, askari nyuma na kiboko, na hawakulipwa hata chumvi. Jina yao iko wapi kwa hii nyumba? Mimi nikichukua moja ya kunishikia laini, nimeiba ya nani?"

Akanipita akapanda ngazi, polepole, akishika goti.

Nimesoma kila nilichopata kuhusu jengo hili. Najua jina la Mzungu aliyelichora. Najua mbao zilitoka msitu gani. Sijawahi kujiuliza nani aliyabeba mawe, wala hapakuwa na mahali palipoandikwa. Nimekaa ofisini mchana wote nikitazama kuta hizi ninazozipenda, na nimeona haya.

Jumatano, 7 Mei

Nimekataza mawe, watu wakaleta viatu na chupa, lakini waliokuwa na mawe ya jana waliyang'ang'ania. Riungu hashiki simu. Nimempigia mkubwa nikamwambia msingi umelegea, tufunge.

"Wambeti, kamati inakuja wiki ijayo! Ukifunga sasa umeandika mwenyewe kwamba jengo halifai. Weka magunia ya mchanga hapo chini, panda maua, vumilia."

Nimeweka magunia ya mchanga. Kesho yataletwa maua.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua ilianza alfajiri na haikupumzika. Kufikia mchana watu wote walikuwa wamejibana verandani kukwepa maji, mabega kwa mabega, na mawe na viatu vyao vimejipanga miguuni. Mlango wa usajili ulikwama. Mukiri aliusukuma kwa bega, ukafunguka ghafla, na mimi nikahisi sakafu ikishuka chini ya nyayo zangu. Ilishuka kidogo tu, kama mtu anayekaa vizuri kitini. Bango la huduma lilichanika katikati.

"Tokeni!" nikapiga kelele. "Tokeni nje wote!"

Hakuna aliyeinua mguu.

"Madam, tumekuja hapa asubuhi na njaa," kijana mmoja akasema. "Tukitoka, wengine wanakuja wanakata laini."

"Jengo linaanguka!"

"Hiyo ufa tumeizoea. Si imekuwa hapo tu?"

Mukiri alininong'oneza sikioni. "Madam, ukitoa watu leo, kamati itajua. Tumekwisha."

Nilijua. Nitaandika ukweli kwa kuwa hakuna atakayeusoma ila mimi: nilisimama pale nikitazama nguzo zile, na nikajiambia, wiki moja tu, limesimama maisha yangu yote, haliwezi kushindwa kusimama wiki moja. Watu wale walikuwa mbele yangu, wengine wamebeba watoto, na mimi nikapima kati yao na jengo.

Kisha nguzo ya mwisho ikalia. Sikujua jiwe linaweza kulia.

Niliinama nikachukua jiwe la kwanza kwenye laini. Lilikuwa la Kaari.

"Wewe! Wacha jiwe yangu!"

"Laini inahama!" nikaita kwa nguvu zangu zote. "Laini inahamia kwa Abdiqani! Kila mtu abebe chake, kwa mpangilio huu huu! Wa kwanza ni Kaari!"

Nikashuka ngazi mbio na jiwe mikononi, Kaari nyuma yangu akinitukana kwa Kimeru, na nyuma ya Kaari mtu wa pili, na wa tatu, kila mmoja akimchunga wa mbele yake asipitwe. Hakuna aliyesukuma. Walitoka wote kwa sababu hakuna aliyekubali kupoteza nafasi yake. Nilipogeuka nikawaona wakivuka barabara kwenye mvua na mawe vifuani, mstari mrefu wa watu waliobeba mawe kwa amri ya serikali, nilimfikiria baba yake Kaari na wenzake.

Abdiqani alifungua milango yote miwili ya ghala. Hakuuliza kitu.

"Wekeni hapo kando ya ndizi," akasema. "Mzee, kaa kwa gunia. Nyinyi, leteni chai."

Mukiri alikuja mwisho, amebeba mashine ya alama za vidole ndani ya koti kama mtoto mchanga. Tuliendelea kuandikisha hadi jioni.

Ijumaa, 9 Mei

Jengo limesimama. Jua limetoka kidogo na mawe yanang'aa. Vijana wananicheka chini kwa chini. Mkubwa amenipigia, amenifokea hadi Abdiqani akatoka nje kwa heshima ili asisikie. Kamati imeahirisha ziara mpaka ipate maelezo, yaani haiji. "Umeua jengo kwa mdomo wako," mkubwa ameniambia.

Nimeenda langoni mara nyingi kulitazama. Nimeanza kushuku kwamba nilikuwa mwoga tu.

Jumamosi, 10 Mei

Limesimama. Mvua tena.

Jumapili, 11 Mei

Tulikuwa kwenye wimbo wa pili kanisani. Nilifikiri ni radi, ila radi ina mwisho. Hii ilijiviringisha bondeni na kuendelea, na watoto wakaanza kulia, na mhubiri akanyamaza.

Veranda yote, chumba cha usajili, ofisi yangu. Dohani zilianguka zikielekea ndani. Chumba kimoja cha nyuma ndicho kilichobaki, na dirisha lake moja limefunguka kama mtu anayeshangaa. Hakuna aliyeguswa, kwa kuwa ni Jumapili na kwa kuwa tulikuwa tumehama. Watu walinizunguka pale kwenye tope, wakanishika mikono, wakasema Mungu alinitumia. Mama mmoja alinibusu. Mimi nililia, wakafikiri ni furaha. Nilikuwa nalilia jengo langu, na nilikuwa nalia kwa kuwa Alhamisi nilipima.

Jumatatu, 12 Mei

Mkubwa amebadilika, leo mimi ni shujaa. Amenipigia nikiwa nimekaa ghalani, kwenye meza ya Abdiqani, nikinywa chai ya Abdiqani.

"Andika ripoti fupi. Mvua kubwa, na malori. Si Riungu alisema malori? Basi. Mwenye malori ana mali, serikali itadai kwake."

Nikamwambia si malori. Nikamwambia ni ile laini ya mawe, amri yangu, na yote yaliyofuata. Akaniuliza polepole kama najua ninachosema, akaongeza kwamba Turkana, kule jangwani, kuna nafasi ya kuhamishiwa. Nikasema najua. Akakata simu.

Abdiqani alikuwa amesimama karibu na magunia. Safari hii hakuwa ametoka nje.

"Kwa hivyo si lori zangu," akasema.

"Si malori yako. Nisamehe."

"Ulijua lini?"

Nilifungua mdomo niseme jana, baada ya kuona kifusi. Nilitaka sana kusema jana.

"Jumanne."

"Jumanne ile ingine?"

"Ndiyo."

Alihesabu kichwani, nikamwona akihesabu. Jumanne, Jumatano, Alhamisi aliponifungulia milango, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Akaelekeza kidevu chake barabarani.

"Na ile chuma bado iko."

Sikuwa nimeikumbuka hata mara moja. Nilikuwa nimekaa kwake siku hizo zote, nikila kwake, nikitazama nje kupitia mlango wake, na kizuizi kilikuwa pale mbele ya macho yangu. Ufunguo ulikuwa kwenye droo ya meza yangu, na meza iko chini ya dohani.

Niliomba nyundo. Alinipa. Nilipiga kufuli kwenye mvua hadi ngozi ya kiganja ikachubuka, watu wa laini wakinitazama kutoka ghalani. Mukiri alikuja mbio kunipokea, nikamwambia arudi. Abdiqani alisimama na mwavuli wake pembeni. Hakunisaidia, na sikumwomba. Kufuli lilipoachia, nililisukuma lile bomba hadi mtaroni.

Lori la kwanza lilipita muda mfupi baadaye, limejaa ndizi mbichi. Dereva hakunisalimu.